Kumbukumbu Inayopanda Bila Kushuka: Kutafuta Uvujaji katika Programu Zenye Mkusanya Taka

Programu iliyoandikwa kwa Java, Python, JavaScript, Go au C# haimlazimu mwandishi wake kurudisha kumbukumbu kwa mkono. Kazi hiyo hufanywa na mkusanya taka (garbage collector), wazo ambalo John McCarthy alilileta pamoja na lugha ya Lisp mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa programu inayowashwa, ikamaliza kazi yake na kuzimwa, msaada huo unatosha. Shida iko kwenye programu isiyozimwa: seva inayopokea maombi usiku na mchana, huduma inayochakata foleni, programu ya ujumbe inayokaa miezi bila kuwashwa upya. Humo kosa la baiti mia chache kwa kila ombi, ambalo jaribio la dakika kumi haliwezi kulionyesha, huja kuiangusha huduma nzima baada ya wiki mbili, na mara nyingi huiangusha saa ile ambayo mzigo ni mkubwa na watu wanaihitaji zaidi.

Ili kulipata kosa hilo, ni lazima tuelewane kwanza juu ya kile ambacho mkusanya taka anakifanya. Yeye hajui ni kitu gani bado unakihitaji. Anachojua ni kitu gani bado kinafikika. Huanzia kwenye mizizi, yaani vigeu vya jumla, vigeu vilivyomo kwenye steki (kumbukumbu ya wito unaoendelea) ya kila uzi (thread) ulio hai, na marejeleo machache ya mfumo wenyewe, kisha hufuata kila rejeleo mpaka mwisho wake. Kilichofikiwa hubaki na kisichofikiwa huondolewa. Python ya kawaida ina njia tofauti kidogo, kwa kuwa huhesabu marejeleo ya kila kitu na kumwachia mkusanya taka vile vitu vinavyoshikana kwa duara, lakini matokeo ni yale yale. Basi uvujaji katika lugha hizi si kumbukumbu iliyopotea njiani kama inavyotokea katika C mtu anaposahau kuita free. Ni kitu ambacho hakuna atakayekitumia tena, lakini kuna mahali katika programu ambapo bado kimeshikiliwa. Uchunguzi wote unaofuata, kwa dalili yoyote ile, unatafuta jibu la swali moja: nani amekishikilia?

Kwanza, hakikisha kwamba ni uvujaji

Grafu ya kumbukumbu ya programu yenye afya hufanana na meno ya msumeno: hupanda vitu vinapoundwa, hushuka mkusanya taka anapopita, kisha hupanda tena. Wengi hutishwa na vilele, ilhali vilele havisemi lolote. Kinachosema ni mabonde, yaani kiasi kinachobaki mara tu baada ya ukusanyaji kamili. Nitaliita bonde hilo sakafu ya lundo, lundo (heap) likiwa eneo la kumbukumbu ambamo vitu vya programu hukaa. Sakafu ikikaa mahali pamoja kwa siku tatu chini ya mzigo unaofanana, hakuna uvujaji, hata kama kilele kinagusa kikomo. Sakafu ikipanda kidogo kila siku bila kurudi, uvujaji upo.

Katika Java, kuanzia toleo la 9, chaguo la -Xlog:gc huandika mstari kwa kila ukusanyaji, na ndani yake kuna kipande kama hiki:

Pause Full 1450M->612M(2048M)

Namba ya kwanza ni kiasi kilichokuwapo, ya pili ni kilichobaki, na iliyo kwenye mabano ni ukubwa wa lundo kwa wakati huo. Namba ya 612 ndiyo ya kufuatilia. Chukua mistari ya ukusanyaji kamili peke yake, kwa sababu ukusanyaji mdogo hugusa vitu vichanga tu na huacha taka za zamani zikihesabiwa kama vitu hai.

Kuna mambo mawili ambayo huwapotosha wachunguzi hapa. La kwanza ni kipindi cha kupasha moto: saa za mwanzo kache (hifadhi za matokeo ya kutumiwa tena) zinajaa, miunganisho ya hifadhidata inafunguliwa, msimbo unatafsiriwa, na sakafu hupanda kihalali kabla ya kutulia. La pili ni uvivu wa makusudi wa mkusanya taka. Ukiipa Java lundo la hadi gigabaiti 8 kwa chaguo la -Xmx, haina sababu ya kuhangaika kusafisha mapema, na inaweza kutumia sehemu kubwa ya gigabaiti hizo ilhali vitu vilivyo hai havifiki gigabaiti 1. Njia rahisi ya kuondoa shaka ni kupunguza kikomo katika mazingira ya majaribio na kupitisha mzigo uleule. Programu isiyovuja itaendelea kufanya kazi, pengine kwa kusafisha mara nyingi zaidi. Inayovuja itakufa mapema zaidi, jambo ambalo pia linakufupishia kusubiri.

Hatimaye tenganisha namba mbili ambazo watu huzichanganya kila siku: ukubwa wa lundo, ambalo mkusanya taka analisimamia, na RSS, yaani kumbukumbu halisi (RAM) yote ambayo mchakato wako umeishikilia kwa sasa. Katika Node.js wito wa process.memoryUsage() hurudisha zote mbili kwa majina ya heapUsed na rss. Zikipanda pamoja, soma sehemu zinazofuata. Ikipanda RSS peke yake, ruka mpaka sehemu inayoihusu, kwa sababu picha za lundo, yaani nakala za vilivyomo ndani yake kwa wakati mmoja, hazitakuonyesha kitu.

Dalili: sakafu hupanda mchana na husimama usiku

Sakafu inayofuata wingi wa kazi ina maana kwamba kila ombi linaacha kitu nyuma yake. Mshikaji wa kawaida kabisa ni jedwali la funguo na thamani lililotangazwa nje ya funksheni, ambalo lina mahali pa kuingizia na halina mahali pa uhakika pa kutolea. Tazama mfano huu wa Python:

yanayosubiri = {}

def tuma(ombi):
    yanayosubiri[ombi.id] = ombi
    jibu = mtandao.peleka(ombi)
    del yanayosubiri[ombi.id]
    return jibu

Ukiusoma haraka, msimbo huu hauna kasoro: kinachoingia kinatoka. Lakini mtandao ukikatika, peleka hurusha kosa, mstari wa del haufikiwi, na ombi hubaki kwenye jedwali milele. Fanya hesabu. Maombi 50 kwa sekunde, ambapo 1 katika kila 100 linashindwa, huacha maingizo 43,200 kwa siku. Kila ingizo likiwa na kilobaiti 2, hizo ni takriban megabaiti 86 kwa siku, na programu yenye nafasi ya gigabaiti 1 itaimaliza kabla ya siku ya 12 kwisha. Nimewahi kulifuatilia kosa la aina hii kwa siku kadhaa nikiipekua njia ya mafanikio, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kazi nyingi, mpaka nilipoiweka grafu ya sakafu juu ya grafu ya makosa ya mtandao na kuona kwamba zinapanda kwa pamoja. Tangu hapo ulinganisho huo huwa ndio hatua yangu ya kwanza, na ningemshauri kila mchunguzi aanze nao. Dawa yenyewe ni fupi: del iwekwe ndani ya finally, ili itekelezwe ombi lifanikiwe au lishindwe.

Mshikaji wa pili ni kache isiyo na mpaka. Katika Python, functools.lru_cache ina kikomo cha maingizo 128 usipoandika chochote, lakini ukiandika maxsize=None kikomo hicho huondoka. Ukiiweka juu ya mbinu ya klasi, self huwa sehemu ya ufunguo, kwa hiyo kila kitu kilichowahi kuita mbinu hiyo hushikiliwa na kache hata baada ya kazi yake kwisha. Angalia pia ufunguo wenyewe unaundwa vipi: ukiwa na muda wa ombi au namba ya nasibu ndani yake, hakuna ingizo litakalotumika mara ya pili, na kache inakuwa ghala la vitu ambavyo havitaombwa tena. Kila kache iwe na kikomo cha idadi na, ikiwezekana, muda wa kuishi kwa kila ingizo.

Foleni isiyo na kikomo huleta dalili hiyohiyo. Executors.newFixedThreadPool ya Java hupunguza idadi ya nyuzi lakini haipunguzi foleni iliyo nyuma yake, hivyo kazi zikiingia haraka kuliko zinavyomalizwa, zinalundikana kwenye kumbukumbu. Kwa ukali wa maneno huo si uvujaji, kwa sababu kila kazi bado inasubiri zamu yake, lakini kifo ni kilekile. Foleni ipewe kikomo, na anayeleta kazi aambiwe asubiri au akataliwe.

Wengine hukimbilia marejeleo dhaifu, yale yasiyomzuia mkusanya taka kukiondoa kitu, wakitumaini kwamba yatajisafisha yenyewe. Yanasaidia, ila WeakHashMap ya Java ina mtego wake: ufunguo hushikwa kwa udhaifu, thamani hushikwa kwa nguvu. Thamani ikiwa na rejeleo la kurudi kwenye ufunguo wake, ingizo halitaondoka kamwe.

Kupiga na kusoma picha za lundo

Usipomwona mshikaji kwa kusoma msimbo, piga picha. Picha moja haitoshi, kwa kuwa huonyesha tu kilicho kikubwa, na kikubwa si lazima kiwe kinachokua. Acha programu ipite kipindi cha kupasha moto, piga ya kwanza. Pitisha mzigo unaojulikana, tuseme maombi 10,000 ya aina moja, piga ya pili. Rudia mzigo uleule, piga ya tatu. Vitu vilivyoongezeka kwa kiasi kinachokaribiana kati ya ya kwanza na ya pili, na tena kati ya ya pili na ya tatu, ndio washukiwa wako. Klasi iliyoongezeka kwa 10,000 kamili baada ya maombi 10,000 imekwisha kujitaja yenyewe.

Katika Java, anza na zana ya jcmd ikifuatiwa na namba ya mchakato na GC.class_histogram, ambayo ni nyepesi kuliko picha kamili na hutoa hesabu ya vitu kwa kila klasi. Ukihitaji kujua nani anashikilia nini, tumia GC.heap_dump na ulifungue faili kwa Eclipse Memory Analyzer. Fahamu kwamba programu husimama wakati wa kuandika faili hilo, kwamba faili linaweza kukaribia ukubwa wa lundo lenyewe, na kwamba ndani yake mna nywila, tokeni na taarifa za watumiaji jinsi zilivyokuwa kwenye kumbukumbu. Lilinde kama unavyoilinda hifadhidata, na ulifute ukimaliza. Katika Node.js hesabu nafasi ya kutosha kabla ya kupiga picha, kwa sababu kazi hiyo huhitaji kumbukumbu takriban mara mbili ya lundo. Mchakato uliokuwa ukingoni unaweza kufia hapo.

Juu kabisa ya orodha utakuta safu za baiti na vipande vya maandishi. Usikae hapo, kwani kila programu inavyo. Shuka mpaka klasi ya kwanza ambayo wewe au wenzako mmeiandika, na ulinganishe idadi yake na hali halisi ya huduma: watumiaji walioingia wakiwa 40 na vitu vya kikao vikiwa 90,000, umepata pa kushika. Kisha tazama ukubwa ambao kila kitu kinaushikilia, yaani jumla ya yote yatakayoachiliwa kikiondoka, na si ukubwa wake chenyewe. Jedwali lenye baiti 48 linaweza kuwa limeshikilia nusu ya lundo. Mwisho, iombe zana ikuonyeshe njia ya kurudi mizizini, na uisome kuanzia kwenye mzizi ukishuka. Jina la kwanza la kigeu unalolitambua katika njia hiyo, mara nyingi, ndilo jibu.

Zana za Go na Python zinahitaji tahadhari moja. pprof na tracemalloc huonyesha mahali kitu kilipozaliwa, na hazionyeshi aliyekishikilia. Mstari uliounda kitu unaweza kuwa hauna hatia hata kidogo. Katika Python, baada ya tracemalloc kukuelekeza kwenye mstari unaokiunda kitu, tumia gc.get_referrers kukiuliza kitu chenyewe kimeshikwa na nani.

Dalili: onyo la wasikilizaji wengi, au kazi ileile kutekelezwa mara nyingi

Node.js huandika MaxListenersExceededWarning pale tukio moja la kitoa matukio kimoja linapopata msikilizaji (funksheni inayoitwa tukio likitokea) wa 11. Wako wanaolinyamazisha onyo hilo kwa setMaxListeners(0), na kwa kufanya hivyo hujinyima kengele bora waliyokuwa nayo. Chanzo chake, karibu kila mara, ni wito wa on uliowekwa ndani ya funksheni inayohudumia ombi, huku kitoa matukio kikiishi muda wote wa programu. Kila ombi huongeza msikilizaji mmoja, na kila msikilizaji ni funksheni inayobeba vigeu vya mahali ilipozaliwa, pamoja na ombi zima na mwili wake.

setInterval, inayorudia kazi kila baada ya muda, ikikosa clearInterval ya kuisimamisha ina tabia hiyohiyo, na C# vilevile: anayejiunga na tukio kwa += hushikiliwa na mtoa tukio mpaka ajiondoe kwa -=. Kujiunga na kujiondoa viandikwe mahali pamoja, na mtu mmoja, kwa wakati mmoja. Msikilizaji anayehitajika mara moja tu aandikwe kwa once.

Dalili: idadi ya nyuzi au gorutini haishuki

Katika Go, andika thamani ya runtime.NumGoroutine, yaani idadi ya gorutini (nyuzi nyepesi za Go), kwenye grafu zako za kila siku. Ikipanda bila kurudi, acha lundo kwanza, chunguza gorutini. Kila moja huanza na steki ya angalau kilobaiti 2, jambo dogo, lakini ni mzizi: yote inayoyarejelea hubaki nayo. Kisa cha kawaida ni gorutini iliyotumwa kuleta jibu na kuliweka kwenye chaneli isiyo na nafasi, wakati aliyekuwa akisubiri amekwisha kuondoka baada ya ukomo wa kusubiri. Hakuna wa kupokea, na gorutini inasimama hapo maisha yake yote. Kuipa chaneli nafasi ya 1 kunatosha kuifungua. Kupitisha context, inayobeba ishara ya kusitisha kazi, na kuiheshimu ni bora zaidi, kwa sababu hukatisha na kazi yenyewe. Kwa wanaotumia matoleo ya kabla ya 1.23, time.After ndani ya kitanzi huacha taima ambayo haikusanywi mpaka muda wake ufike, hata kama hakuna anayeingoja.

Katika Java dalili huwa kinyume: nyuzi hazizidi, ila hazifi. Uzi unaotumiwa tena na tena na maombi tofauti hubeba thamani za ThreadLocal, yaani vigeu vilivyofungwa kwenye uzi wenyewe, kutoka ombi moja hadi jingine. Mbali na kumbukumbu, hapo kuna hatari ya data ya mtumiaji mmoja kuonekana kwenye ombi la mwingine, kwa hiyo remove ndani ya finally si suala la usafi tu.

Dalili: vitu ni vichache lakini kumbukumbu ni kubwa

Wakati mwingine kitu kidogo hushikilia kikubwa. Kipande cha baiti 20 kilichokatwa katika Go kutoka kwenye faili la megabaiti 50 huendelea kuishikilia safu nzima iliyo chini yake. Nakili kile kidogo unachokihitaji, ukiache kikubwa kiende. Java ilikuwa na tatizo hilohilo kwenye substring kabla ya kurekebishwa katika Java 7.

Dalili: lundo limetulia, RSS inapanda

Hapa mkusanya taka hana la kujibu. Angalia kwanza kumbukumbu iliyo nje ya lundo: bafa za moja kwa moja za Java, thamani ya external katika Node.js, na maktaba zilizoandikwa kwa C zinazoitwa kutoka Python. Java ikiwashwa na -XX:NativeMemoryTracking=summary, jcmd ya VM.native_memory itakugawia matumizi kwa mafungu, na likipanda fungu la klasi, shuku vipakiaji vya klasi vinavyobaki baada ya kupandisha toleo jipya bila kuzima seva.

Mafungu yote yakitulia na RSS ikiendelea kupanda, chanzo kinaweza kuwa kigawa kumbukumbu cha mfumo. Kile cha glibc, maktaba ya msingi ya C, kwenye Linux ya biti 64 huweza kufungua maeneo hadi mara 8 ya idadi ya viini vya kichakataji, na programu yenye nyuzi nyingi huishia na vipande vilivyotawanyika ambavyo havirudishwi. Jaribu kuweka MALLOC_ARENA_MAX=2, au badilisha kigawa kwa jemalloc, kisha ulinganishe. Kwa Go kuna jambo la kihistoria la kukumbuka: kuanzia toleo la 1.12 mpaka 1.15, kumbukumbu iliyoachiliwa iliendelea kuhesabiwa kwenye RSS mpaka Linux ilipoihitaji, na toleo la 1.16 lilirudisha tabia ya zamani.

Dalili: programu inatoweka bila kuandika kosa

Mchakato ukifa kwa namba 137, ambayo ni 128 kujumlisha ishara ya 9, umeuawa kutoka nje, na mara nyingi muuaji ni mfumo endeshi uliokosa kumbukumbu. Amri ya dmesg, inayoonyesha kumbukumbu za matukio ya mfumo endeshi, itathibitisha. Hilo peke yake halithibitishi uvujaji. Pengine kontena limepewa nafasi ndogo kuliko lundo pamoja na kumbukumbu ya nje ya lundo. Kwa kila programu ya Java iliyo kazini, weka mapema -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError na njia ya faili kwenye diski isiyofutwa, ili lundo lenyewe likijaa ubaki na ushahidi.

Baada ya kurekebisha

Rudia mzigo uleule na picha zilezile tatu, na udai hesabu ya klasi iliyokuwa ikikua isimame. Andika jaribio linaloita njia iliyovuja mara elfu kadhaa, yakiwemo maombi yanayoshindwa, na kukagua kwamba jedwali limerudi kuwa tupu. Weka tahadhari kwenye sakafu ya lundo, si kwenye kilele. Na kama timu ilikuwa imeweka ratiba ya kuiwasha upya seva kila wiki ili kuahirisha tatizo, iondoeni ratiba hiyo siku hiyohiyo mnayopandisha marekebisho, kwa sababu ikibaki hamtajua kama yamefanya kazi, na uvujaji utakaofuata utakuwa na mahali pa kujificha.